Waa la Kadiri ya Dirhamu: Maelezo Juu ya Hofu ya Ugonjwa Usiojulikana Mwisho Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa rangi mbalimbali, akajaalia kuhitilafiana kwa rangi zao na ndimi zao kuwa ni katika ishara zake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeufundisha umati wake kuomba afya kabla ya balaa na kusubiri baada yake. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Yako maradhi yamlazayo mtu kitandani, na ndugu na jirani wakaja kumzuru na kumwombea dua. Na yako maradhi mengine yasiyomlaza mtu hata siku moja. Mwenye nayo huamka, huswali, huenda dukani kwake au shambani au baharini, hula na hulala kama watu wengine; wala hapana ajaye kumzuru, kwa kuwa hapana ajuaye kwamba ni mgonjwa. Ugonjwa wake ni waa dogo jeupe juu ya mkono, au baka penye kiwiko, au alama pembeni mwa mdomo. Haliumi, haliwashi, halitoki damu. Lakini amekwisha kusikia ya kuwa ugonjwa huu mwisho wake haujulikani: waweza kukaa vivyo hivyo mpaka kufa kwake, na waweza kuenea hata usoni. Basi hubeba mizigo miwili kwa pamoja: waa, nalo ni jepesi, na hofu ya kuenea kwake, nayo ni nzito kuliko gunia la karafuu mabegani mwa hamali.

Swali linalotakiwa jawabu katika kurasa hizi chache ni hili. Mtu mwenye ila ndogo isiyomdhuru leo, akaishi kwa hofu kuwa kesho itakuwa kubwa, je, hofu hiyo ni ya haki au ni dhambi? Na ikiwa ni ya haki, ina fungu gani katika siku zake?

Na ikadiriwe, kwa ajili ya kufahamisha, mfano wa mtu mmoja katika mji mmojawapo wa pwani, mshoni wa kanzu, umri wake miaka thelathini. Miaka sita nyuma aliona waa jeupe juu ya mkono wake wa kulia, chini ya kidole cha shahada, kadiri ya punje ya mtama. Likakua katika mwaka wa kwanza hata likawa kadiri ya sarafu ndogo, kisha likasita. Tangu hapo kila alfajiri, kabla ya kutawadha, huwasha taa, akatwaa uzi aliokwisha kuutia mafundo mawili, akalipima. Kwa miaka mitano fundo halikuhama, naye hupima vivyo hivyo. Na mara nyingi adhana humpita katika kupima huko, na jamaa ikasimama bila ya yeye. Ameacha kula sinia moja na wenzake katika maulidi na harusi, husingizia kuwa tumbo lake ni bovu. Ameacha kuswalisha, naye ni katika wasomao vizuri mtaani, kwa sababu imamu ainuapo mikono yake huonekana na safu nzima. Na posa aliyopelekewa na wazee wake ameiacha ilale: hakuwaambia wazee wa binti neno, si la kuendelea wala la kuacha.

Mwenye kuzingatia ataona kuwa yote hayo si kazi ya lile waa. Waa halikumwondoa penye sinia, wala mihrabuni, wala penye posa yake. Lililomwondoa ni waa jingine, ambalo halijawako, ameliona kwa jicho la wahamu limekwisha kuenea usoni mwake.

FASLU YA KWANZA: Katika hakika ya ugonjwa huu

Ugonjwa huu Waswahili huuita mbalanga, na Waarabu huuita barasi. Watu wameuogopa tangu zamani. Mwenyezi Mungu amewataja wenye barasi katika Suratu Al-Imran na katika Suratul Maida, kuwa Nabii Isa (A.S.) alikuwa akiwaponya kwa idhini yake. Na alipotaja mkono wa Nabii Musa (A.S.) uliotoka kifuani mweupe, ameeleza kuwa weupe huo haukuwa na ubaya wowote, na wafasiri wakasema, makusudio ya ubaya hapo ni barasi. Yaani weupe juu ya mkono wa mtu, hata ulipokuwa muujiza wa Mtume, ulihitaji kuondolewa dhana. Basi mwenye waa asijione kuwa ni mdhaifu wa akili kwa kuogopa. Ameogopa jambo ambalo watu wote huliogopa.

Lakini hofu iliyojengwa juu ya ujinga ni kubwa kuliko hofu iliyojengwa juu ya ilimu. Matabibu wa zama hizi wamebainisha kuwa katika ngozi ya mwanadamu zimo chembe ndogo mno ambazo kazi yake ni kuitia ngozi rangi. Kwa mwenye mbalanga chembe hizo hufa mahali hapa na pale. Na sababu yake kubwa ni kuwa kinga ya mwili, ambayo ni kama askari wa mji, hukosea ikawapiga wenyeji badala ya adui. Hukisiwa kuwa mtu mmoja hivi katika kila mia anao, katika makabila yote na rangi zote, ila kwa watu weusi huonekana zaidi kwa kuwa weupe wake huhitilafiana na ngozi. Wengi huanza nao katika ujana. Hauambukizi kwa kupeana mkono, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Wako wasemao kuwa huletwa na kula samaki na maziwa pamoja. Na hilo matabibu hawakulithubutisha. Wala si dalili ya uchafu, wala ya uovu wa mama wala wa baba.

Wala haupasi kuchanganywa na ukoma, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa. Ukoma huletwa na kijidudu alichokigundua tabibu Hansen wa Norway mwaka 1873, nao hugusa mishipa ya hisia, hata baka lake likawa halisikii kuguswa wala moto. Ngozi ya mbalanga husikia kama ngozi nyingine. Kwa hiyo mwenye baka lisilosikia asikae nyumbani na hofu yake. Aende kwa tabibu upesi, kwani ukoma leo una dawa: tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeusia kutumia dawa kadhaa kwa pamoja, na mwenye kuzitumia mpaka mwisho hupona.

Ama kuenea kwa mbalanga, ukweli wake ni huu, nao usifichwe. Yako mabaka yanayotokea upande mmoja tu wa mwili, nayo aghalabu huenea kwa muda kisha yakatulia. Na yako yanayotokea pande zote mbili, kama mikono yote miwili au magoti yote mawili. Hayo huweza kulala miaka mingi kisha yakaamka. Kwa wengine rangi hurudi, hasa usoni; ama vidoleni na juu ya mikono hurudi kwa taabu. Hapana tabibu awezaye kumwambia mtu mmoja kwa yakini kuwa waa lake litafika wapi. Mwenye kumwahidi kuwa halitaenea amempa asichokuwa nacho, na mwenye kumtisha kuwa litaenea ni hali hiyo hiyo.

FASLU YA PILI: Katika hukumu za sharia

Mwenye waa anaulizwa na sharia mambo machache, na kila moja lina jawabu yake. Kuyajua hayo ni nusu ya utulivu, kwa kuwa watu wengi hujiharamishia ambayo Mungu hakuwaharamishia.

La kwanza ni tohara. Waa halibatilishi udhu wala halizuii josho. Ni ngozi kama ngozi, huoshwa kama inavyooshwa nyingine. Ama akilipaka rangi au mafuta mazito ili kulificha, basi kikiwa kile alichopaka kina mwili uzuiao maji yasifike ngozini, hana budi kukiondoa kwanza. Na ikiwa kilichobaki ni athari ya rangi tu, haidhuru. Na hina katika mikono na miguu ya mwanamume kwa pambo, madhehebu ya Shafi yameikataza. Imeruhusiwa ikiwa kuna haja, kama dawa.

La pili ni sala. Katika masharti ya uimamu hakuna sharti la rangi ya ngozi. Aliye msomi zaidi na fakihi zaidi ndiye mwenye haki ya kutangulizwa, na sala nyuma ya mwenye waa mkononi ni sahihi. Mshoni yule alipoacha mihrabu hakuiacha kwa amri ya sharia.

La tatu ni kuchanganyika na watu. Hadithi iliyopokewa na Bukhari ya kuamrisha kumkimbia mgonjwa kama akimbiwavyo simba imekuja katika ukoma, haikuja katika mbalanga. Na mwenye kuondoa mkono wake kwenye sinia kwa sababu ameona waa katika mkono wa mwenziwe, amemuudhi Mwislamu pasina haki.

La nne ni ndoa, nalo ndilo zito. Mafakihi wa Kishafi, kama Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaji yake, wameitaja barasi pamoja na wazimu na ukoma katika aibu ambazo mmoja wa wanandoa akizikuta kwa mwenziwe hupata hiari ya kutaka nikahi ivunjwe. Madoa mepesi yaitwayo bahaki hayaingii humo. Kwa sababu hiyo wakaandika kuwa mwenye aibu ya namna hiyo, akitakwa shauri juu ya nafsi yake katika kuoa, ni wajibu aitaje kwa mwanamke. Kuficha ni ghishi, na ghishi haiwi halali kwa kuwa mwenye kuifanya ana huzuni. Lakini ikiwa mwenziwe aliijua kabla ya nikahi akaridhia, basi hana tena hiari kwa aibu hiyo. Na tafsili zake ziulizwe kwa kadhi, kwani hukumu hizi hazikatwi barazani.

Hapa ndipo mtu huyu alipokwama. Kusema anaogopa, kuficha anaogopa. Akachagua la tatu, nalo ni kunyamaza, akadhani kunyamaza si kitendo. Na binti wa watu yumo nyumbani kwao, miezi inapita, hajui ameposwa au hakuposwa. Basi hofu ya mtu mmoja imekuwa dhuluma juu ya mtu wa pili ambaye hana waa lolote.

FASLU YA TATU: Katika hofu mbili

Hofu ya maradhi kwa asili yake si dhambi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud kwa Anas (R.A.), alikuwa akijikinga kwa Mungu na barasi na wazimu na ukoma na maradhi mabaya. Lau kuogopa barasi kungekuwa ni upungufu wa imani, asingeifundisha dua hiyo. Lakini na itazamwe dua yenyewe: ni maneno machache, asemayo mtu akiwa ameinua mikono, kisha akaishusha, akaondoka, akaenda kwenye kazi yake. Hofu imepewa mlango wa kutokea. Haikupewa chumba cha kukaa.

Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria), katika kitabu cha khofu na kutaraji ndani ya Ihya yake, ameifananisha hofu na mjeledi ambao Mungu huwaongozea waja wake kwenye ilimu na amali. Akabainisha kuwa iliyo njema ni ya kati na kati, na kuwa ipitayo mpaka hulaumiwa, kwa kuwa humtupa mtu katika kukata tamaa ikamzuia na kazi. Na maneno yake hayo ni katika kumwogopa Mwenyezi Mungu. Basi ikiwa hofu ya Mungu yenyewe hulaumiwa inapomzuia mja na amali, seuze hofu ya waa? Mjeledi sifa yake ni kumwendesha mnyama. Ukimvunja mguu haukumwendesha.

Kwa hiyo iko hofu iongozayo na iko hofu ifungayo, na alama ya kuzipambanua ni moja: ni ile amali inayozaliwa nayo. Hofu iliyompeleka mtu kwa tabibu, ikamfanya akinge ngozi yake na jua, ikamfanya aombe dua, ikamfanya awaambie wazee wa binti ukweli, hiyo ni katika tahadhari iliyoamrishwa. Na hofu iliyompeleka kwenye taa kila alfajiri kupima kilichopimwa jana, haikuzaa kitu. Ni wasiwasi, nao ni ndugu wa wasiwasi wa yule atawadhaye mara ishirini, akatoka na udhu ule ule aliokuwa nao mara ya kwanza, na jamaa imempita.

Katika kawaida kubwa za fiqhi alizozikusanya Imamu Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria) katika Ash-bahu wan-Nadhairi, imo hii: kuwa yakini haiondolewi kwa shaka. Aliye na yakini ya tohara kisha akashuku kuwa imemtoka, hubaki katika tohara yake. Yakini ya mshoni huyu ni kuwa mkono wake wa leo unashona, unashika msahafu, unakula, unapeana salamu. Kuenea ni shaka. Naye amezihukumu siku zake elfu mbili na zaidi kwa hukumu ya shaka, akaiacha yakini imekaa kama kanzu iliyoshonwa isiyovaliwa.

Na ikiwa mtu atauliza: Kawaida hii ni ya hukumu za fiqhi, nayo haimzuii mwenye akili kujihadhari na la kesho. Mwenye kuanika karafuu, akiona wingu, hangoji mvua imnyeshee, huzikusanya. Jawabu yake ni kuwa amesema kweli, na azikusanye. Lakini akusanyaye karafuu kwa wingu moja ni mwenye akili. Ama yule aliyezitia majamvini asizianike tena mwaka mzima, kwa kuwa mbingu ni mahali patokapo mawingu, karafuu zake zitaoza katika ukame. Mvua haikumwibia kitu, naye hana karafuu.

FASLU YA NNE: Katika watu wawili wa barasi

Sunna imewataja watu wawili waliokuwa na ugonjwa huu, na katika habari zao mna jawabu ya lililo kubwa zaidi.

Wa kwanza ni katika wale watu watatu wa Bani Israili, mwenye barasi na mwenye kipara na kipofu, ambao hadithi yao imo katika Bukhari na Muslim. Malaika alimjia yule mwenye barasi akamwuliza ni kitu gani akipendacho zaidi. Akataka rangi nzuri na ngozi nzuri, na kuondokewa na kile kilichowafanya watu wamchukie. Akapanguswa, ukamtoka wote, halikubaki hata doa. Akapewa na ngamia mwenye mimba, na mali yake ikajaa bonde. Kisha malaika akamrudia katika sura ya maskini mwenye barasi kama alivyokuwa yeye zamani, akamwomba ngamia mmoja tu wa safari. Akamnyima, na akakanusha kuwa aliwahi kuwa na barasi. Mtu huyu katika siku za waa lake hakuangamia. Ameangamia siku ngozi yake ilipokuwa safi.

Wa pili ni Uwaisi wa Karani, mtu wa Yemeni, ambaye habari yake imo katika Sahihi ya Muslim. Naye alikuwa na barasi, akapona isipokuwa mahali kadiri ya dirhamu moja. Alikuwa na mama yake akimtendea wema. Mtume (S.A.W.) alimsifu pasipo wao kuonana, akamwelekeza Sayyidna Umar (R.A.) kuwa akiweza kumpata amwombe amtakie msamaha. Sayyidna Umar akawa kila majeshi ya msaada yatokapo Yemeni huwauliza watu, hata akamfikia; na katika alama alizomwuliza ili amthubutishe ni hiyo: ulikuwa na barasi ukapona isipokuwa mahali pa dirhamu? Akasema, ndiyo. Basi kiongozi wa Waislamu akamtaka mtu wa waa amwombee msamaha.

Na izingatiwe. Yule mmoja alisafishwa asibakiwe na kitu, akajisahau. Huyu mwingine alibakiwa na waa la dirhamu moja, nalo likawa ni anwani aliyotafutiwa nayo. Waa moja ambalo mshoni wetu hulifunika kwa mkono wa kanzu, kwa Uwaisi lilikuwa ndilo la kumjulishia. Na wenye mbalanga waliokuwa na vyeo na ilimu ni wengi. Al-Jahidhi wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alitunga kitabu kizima juu ya watukufu wa Waarabu waliokuwa na barasi na vilema.

Ndipo inapofahamika aibu iliyojificha katika subira ya mshoni huyu. Ukimwuliza, atasema amekwisha kuridhia kadari: waa hili ni la Mungu, nami nimeridhika nalo, madamu halitazidi. Na katika neno hilo la mwisho pana sharti. Ameridhia kama aridhiavyo mpangaji, kwa mapatano kuwa kodi haitapanda. Na mja hana mapatano hayo na Mola wake.

Imamu Suyuti ameitaja kawaida nyingine: kuwa kuridhia kitu ni kuridhia pamoja na kile kinachozaliwa nacho. Na katika mifano yake ni hii hii ya ndoa: mmoja wa wanandoa akiridhia aibu ya mwenziwe, kisha aibu ile ikazidi, hana hiari kwa kauli iliyo sahihi, kwa kuwa aliporidhia asili ameridhia na tawi lake. Mafakihi waliiweka kwa ajili ya hukumu baina ya watu. Lakini na aipime mwenye waa baina yake na Mola wake. Akiwa ameridhia kweli waa la leo, basi hofu ya kesho haina tena mahali pa kuingilia, kwa sababu litakalozaliwa limekwisha kuridhiwa pamoja na mamaye. Na akiwa hofu inamla usiku na mchana, na ajue kuwa bado hajaliridhia hata hili dogo alilonalo.

TANBIHI: Katika dawa

Asifahamu mtu kuwa kuridhia ni kuacha dawa. Mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, na akawajulisha kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa illa ameuteremshia na dawa, isipokuwa uzee. Na Waislamu walitangulia katika dawa ya ugonjwa huu. Ibnul Baitari, tabibu wa Andalusi aliyefariki Dameski mwaka 646 Hijria (1248), aliandika habari za mmea uitwao atrilali, ambao mgonjwa hunyweshwa mbegu zake kisha akawekwa juani, na rangi ikarudi. Miaka mia saba baadaye, mwaka 1948, tabibu wa Kimisri Abdel Monem El Mofty alitoa habari za kuwatibu wagonjwa kwa mmea huo huo, na katika mlango huo zikatoka tiba zichanganyazo dawa na mwanga.

Leo matabibu wa ngozi hutumia marhamu za kutuliza ile kinga iliyokosea, na mwanga maalumu wa taa mara kadhaa kwa wiki kwa miezi mingi. Mwaka 2022 Marekani iliruhusu marhamu iitwayo ruxolitinib kwa ugonjwa huu. Yote hayo hutaka saburi, na hufaa zaidi usoni kuliko vidoleni. Na mwenye waa alikinge na jua, kwa kuwa ngozi isiyo na rangi huungua upesi. Mvuvi na mkulima wavae nguo ya mikono mirefu kwa nia hiyo, si kwa nia ya kujificha. Na wajihadhari na mikorogo ya kuchubua ngozi iuzwayo vichochoroni, kwani mingine ina zebaki, nayo hudhuru figo.

KHATIMA

Imebaki habari ya mshoni. Katika mfano huu ilikadiriwa kuwa alikwenda kwa mwalimu wake wa chuoni, mzee aliyemsomesha juzuu amma, akamfunulia mkono na akamwonyesha uzi. Mzee akamwuliza:

“Mwanangu, uzi huu wapima mara ngapi?”

Akasema: “Kila alfajiri, maalim.”

“Na tabibu amekwambia upime mara ngapi?”

“Kila miezi mitatu.”

Mzee akasema: “Basi mara nne kwa mwaka ni dawa. Hizo nyingine wamfanyia nani?”

Hakuwa na jawabu. Akatoka hapo akaenda kwa baba wa binti, akakaa barazani, akakunja mkono wa kanzu, akasema: Hili ni waa la mbalanga, lina miaka sita, tabibu hajui kama litaenea. Baba akaingia ndani kwa bintiye na habari ile kama ilivyo. Binti akajibu kuwa ameridhia, wala hakuuliza kama litaenea. Na mshoni aliposikia jawabu ile alitahayari, kwani mtu ambaye waa si lake aliliridhia kwa siku moja bila sharti, naye mwenyewe kwa miaka sita hakuweza.

Mwaka wa pili baada ya nikahi waa likaamka. Likafika kifundoni mwa mkono, na jingine likatoka mkono wa kushoto. Lile aliloliogopa lilikuja kweli, halikuwa wahamu. Likamkuta mihrabuni, likamkuta penye sinia na wenzake, likamkuta nyumbani kwake ana mke asiyehadaiwa. Akalia usiku mmoja, kama aliavyo mwanadamu. Asubuhi akaenda kwa tabibu, na adhuhuri akaswalisha. Ama kama litafika usoni, hilo halijulikani mpaka leo. Na ule uzi aliufungua mafundo yake akashonea kanzu ya mtu.

Basi na ajue kila mwenye ila ndogo, ya ngozi au ya nyinginezo, ya kuwa haulizwi kama ameshinda kesho yake. Ataulizwa amefanya nini na leo yake. Nabii Ayubu (A.S.) alipomlalamikia Mola wake hakueleza ila kuwa dhara imemgusa, na kuwa yeye Mola ni mwenye kurehemu kuliko wote. Hakutaja itafika wapi.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wa Waislamu, wa dhahiri na wa siri. Wakinge na barasi na ukoma na wazimu na maradhi mabaya. Na wale uliokadiria wabaki na waa, waruzuku ridhaa isiyo na sharti, na ndugu wasioondoa mikono yao kwenye sinia. Amin.